Bei ni mapatano, kipimo ni amana

Wapo ndugu zetu wanaoamini kwamba siku supamaketi kubwa itakapofunguliwa Nansio, ndipo Ukerewe itakuwa imeendelea. Ukiwauliza kwa nini, hawaanzi na majokofu wala taa. Wanataja jambo zito zaidi. Wanasema kule kila kitu kimeandikwa bei, mzani unaonekana, na mtoto akitumwa hulipa sawa na mtu mzima. Yaani wanachokitamani hasa ni uadilifu, na wamefika mahali pa kuamini kwamba uadilifu ni bidhaa inayoshushwa gatini pamoja na rafu za vioo.

Wapo na wengine, hasa watu wazima, wanaosema kinyume chake. Hao wanalisifu duka la mtaani: mangi anayekujua kwa jina, daftari la madeni, na mama wa genge anayekuongezea nyanya moja juu ya fungu bila kuombwa. Wanasema supamaketi haina huruma, kwani haijui kama umefiwa wala kama mshahara umechelewa.

Makundi yote mawili yana sehemu ya ukweli, lakini yote mawili yanaangalia jengo. Swali lenyewe ni la kale kuliko supamaketi na kuliko genge: Muuzaji anadaiwa nini na mnunuzi wake, na mnunuzi anadaiwa nini na muuzaji? Tukilijibu hilo sawasawa, tutajua la kulisifu na la kulilaumu, liwe duka la bati au la vioo.

Hebu tuanzie na jambo ambalo wengi hatulipi uzito. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamtaka awapangie bei. Akakataa, kwa kuhofia kwamba angekutana na Mola wake huku mtu akimdai haki yake. Lakini Mtume huyo huyo aliyejizuia kwenye bei hakujizuia kwenye kipimo na ubora wa bidhaa. Alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka, aliingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamuuliza ni kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatoa karipio kali juu ya wenye kughushi ambalo kila mfanyabiashara wa Kiislamu analijua. Na Qur'an ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji, na imesimulia zaidi ya mara moja kisa cha watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaib (a.s.), ambao miongoni mwa maovu yaliyowaangamiza ni kupunguza vipimo na mizani.

Kwa nini tofauti hii? Kwa nini bei iachwe wazi, na kipimo kikaliwe namna hiyo? Jibu ninaloliona ni hili. Bei wanaiona wote wawili. Muuzaji anataja, mnunuzi anasikia, anakubali au anakwenda zake. Lakini kipimo mara nyingi anakijua mmoja peke yake. Aliyeshika kopo ndiye anayejua kama kitako kimebonyezwa. Aliyefunga gunia ndiye anayejua kilichopo chini. Pale wanapoona wote wawili, pana mapatano. Pale anapoona mmoja, hapana mapatano tena. Hapo pana amana, na anayeivunja anamwibia mtu aliyemgeuzia mgongo kwa kumwamini.

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, tuingie sokoni.

Katika masoko yetu vipimo vinavyotawala si kilo. Ni debe, ni sado, ni kopo, ni bakuli, ni fungu. Sado lenyewe ni kopo la rangi ya nyumba lililogeuzwa kuwa kipimo cha mchele, maharage na dagaa, na leo lina hadhi ya serikali mitaani kuliko jiwe la mzani. Hakuna ubaya wowote katika kopo. Madina nako walipima kwa pishi na vibaba. Ubaya unaanza kopo linapopashwa moto kitako kikaingia ndani, au linapojazwa kwa mkono uliofundishwa kuacha uwazi katikati, au fungu la dagaa linapopambwa juu kwa waliokauka vizuri na chini kukawa na mchanga.

Sasa tugeuke upande wa pili, upande ambao mnunuzi wa mjini haoni. Mkulima anapouza kwa mchuuzi anayekuja na lori au mtumbwi, anakutana na lumbesa: gunia linalojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, na bado likalipwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo nchini inakataza, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepiga kelele miaka yote hiyo. Lumbesa haijafa. Haijafa kwa sababu mkulima yuko peke yake, mazao yake yanaoza, na mnunuzi anajua hivyo.

Ndugu msomaji, weka lumbesa na sado lililobonyezwa mahali pamoja uzitazame. Mara nyingi ni safari moja ya zao lile lile. Lilipotoka shambani lilijazwa kupita kiasi. Lilipofika mezani kwa mlaji lilipunguzwa. Ndiyo maana sura ile ya 83 haikumtaja tu mtu anayepunguza. Imemweleza mtu mwenye tabia mbili, ambaye akiwa mpokeaji hataki apungukiwe hata punje, na akiwa mtoaji mkono wake unakuwa mfupi. Dhambi inayoelezwa pale ni ya kuwa na mizani miwili. Mtu anaweza kuwa na jiwe la mzani lililogongwa muhuri wa serikali na bado akawa na mizani miwili moyoni.

Watu wa Kanda ya Ziwa wanalijua jambo hili kwa historia yao wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, miongoni mwa malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba wa jimbo hili ilikuwa ni mizani ya wanunuzi. Mkulima alibeba pamba yake, akaiona inawekwa kwenye mzani asioweza kuusoma, akaambiwa kiasi, akalipwa, akaondoka. Ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, uliokuja kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, ulipata nguvu kwa sababu uliahidi kitu kidogo sana: kwamba mkulima atapimiwa na mtu wake. Harakati kubwa ya kiuchumi, na baadaye ya kisiasa, ilisimama juu ya swali la nani anausoma mzani.

Baadaye dola nayo ilijaribu kuuleta uadilifu kwa njia yake. Tulikuwa na kampuni za biashara za mikoa, tukawa na maduka ya ushirika vijijini, na mwaka 1976 ikapita Operesheni Maduka iliyofunga maduka ya watu binafsi katika sehemu nyingi. Bei ilikuwa imepangwa na ilikuwa ya haki kwenye karatasi. Lakini wanaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni ya sabuni, sukari iliyouzwa kwa mlango wa nyuma, na vita vya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi. Bei ya haki kwenye rafu tupu haikumlisha mtu. Tulijifunza kwa gharama kubwa ni kwa nini Mtume (s.a.w.) alisita kupanga bei.

Sasa tuiangalie supamaketi inayotamaniwa. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Thomas Reardon waliandika juu ya kuenea kwa maduka haya Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, na wengi wakaamini kwamba soko la wazi limefika mwisho. Kwetu hayakwenda hivyo. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja, na mwaka 2014 maduka yake ya Tanzania yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Oktoba 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt yenyewe ikaanza kuyumba, rafu zikawa tupu mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Wakati wote huo, genge la mtaani lilikuwa wazi saa 12 asubuhi.

Kilichoanguka pale ni zaidi ya maduka. Nakumatt ilianguka ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na miongoni mwa waliodai walikuwa watu waliokuwa wakiipelekea bidhaa. Huo ndio utaratibu wa maduka mengi makubwa duniani. Mwenye mboga, maziwa au unga anafikisha mali leo, analipwa baada ya siku 30, 60, au 90, na pengine zaidi. Mteja amelipa taslimu mlangoni, bidhaa imeliwa na imesahaulika, lakini aliyeilima bado anapiga simu ofisini.

Hapa ndipo wanaoitamani supamaketi wanapaswa kutulia kidogo. Upande wa mlaji, mzani wa supamaketi ni safi kweli, na hilo lisifiwe. Lakini upande wa mzalishaji, kuchelewesha malipo ya mtu asiye na nguvu ya kudai ni lumbesa iliyovaa tai. Mangi wa Nansio anamkopesha mnunuzi maskini. Supamaketi inakopa kwa muuzaji maskini. Hesabu zote mbili zimo katika daftari, ila la kwanza limekunjamana na liko juu ya kaunta, na la pili limo ndani ya kompyuta ambayo mkulima hawezi kuifungua.

Lakini tusimtakase mangi upesi. Daftari nalo lina mitego yake. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya mkopo iwe kubwa kuliko ya taslimu, maadamu imetajwa na kukubaliwa mwanzoni. Kisichoruhusiwa ni deni kuongezeka kwa sababu limechelewa, au mstari kuongezwa kwenye daftari wakati mwenye deni hajui kusoma. Hapo tena tunarudi pale pale: anayeona ni mmoja.

Na ziwani mambo ni makubwa zaidi. Mvuvi anakopeshwa nyavu au mashine na wakala au tajiri, kwa sharti kwamba samaki wote atamuuzia yeye, kwa bei atakayoipanga yeye, juu ya mzani alionao yeye. Kanuni ya fiqhi inafahamika: mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ya ziada ni mlango wa riba. Vilevile Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wafanyabiashara wa misafara njiani kabla hawajafika sokoni na kuijua bei, na akampa muuzaji huyo haki ya kuvunja mauzo akifika sokoni akakuta amedanganyika. Anayemfuata mvuvi majini akiwa anaijua bei ya Mwanza, huku akiomba Mungu mvuvi asiijue, afikirie mwenyewe kama yuko mbali na katazo hilo. Leo simu ya mkononi imempunguzia mvuvi ujinga wa bei. Haijampunguzia deni.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayana dawa, kwamba mwalo hauwezi kupimwa wala kukaguliwa. Historia inawakatalia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika uvuvi wa sumu. Viwanda vikatikisika, na serikali za nchi zetu zikahangaika kuweka ukaguzi na maabara mpaka soko likafunguliwa. Kwa hiyo ukaguzi uliwezekana. Uliwezekana kwa sababu mlaji alikuwa na nguvu. Minofu ya sangara ikapimwa na kukaguliwa kwa ajili ya rafu za Ulaya, na mapanki yakabaki kwa ajili ya kikaango cha Mwanza. Sisemi mlaji wa Ulaya hakustahili. Nasema mama wa Nansio naye ana tumbo, na haki yake ya kujua anachokula haipungui kwa sababu ananunua fungu moja.

Tumsikilize pia mwenye duka, kwa sababu uadilifu una pande mbili. Nansio ni makao makuu ya wilaya iliyo visiwani. Unga, sukari, mafuta na sabuni huvuka maji, ama kutoka Mwanza, ama kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi. Ndani ya bei ya chumvi ya Nansio mna nauli, mna mpagazi, mna mzigo uliolowa. Na maji yenyewe si ya mchezo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220, na wengi wao walikuwa wanarudi nyumbani kutoka gulioni. Anayelalamikia bei ya kisiwani akumbuke kwamba kuna wanaolipia kwenda sokoni kwa zaidi ya fedha. Kwa hiyo muuzaji kuweka bei inayobeba gharama zake si dhulma.

Linakuja sasa suala la maskini anayenunua kidogo kidogo. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo inauzwa 800. Mwenye 3,000 anapata kilo. Asiyekuwa nazo ananunua robo nne kwa siku nne, analipa 3,200. Maskini amelipa zaidi kwa sababu ni maskini. Hilo linauma, na kila anayenunua mafuta ya kula kwa kupima analijua. Je, ni dhulma? Muuzaji atasema: Nimefungua mfuko, nimepima mara nne, nimenunua vifuko, kingine kimemwagika. Ana hoja. Kazi ina ujira wake, na mia mbili zile zinaonekana. Lakini kama robo ile ina gramu 220 badala ya 250, hana tena hoja. Mtu wa robo amelipa zaidi na amepata pungufu, na la pili hakuambiwa. Kanuni ni nyepesi kiasi kwamba hata mtoto anayeachiwa duka anaweza kufundishwa: Ukibanwa, pandisha bei, usipunguze kopo. Bei ikipanda, mteja ataona na ataamua. Kopo likipungua, umeamua wewe kwa niaba yake.

Hayo pia yanawahusu wenye viwanda wanaopunguza uzito ndani ya pakiti na kuacha pakiti ukubwa ule ule, na wenye maduka makubwa wanaobandika tarehe mpya juu ya tarehe iliyokwisha. Hiyo ni nafaka iliyolowa iliyofunikwa kwa kavu. Kimebadilika kifungashio tu.

Naomba sasa nigeukie upande wetu sisi wanunuzi wa mjini. Tazama tunavyofanya. Mtu anaingia supamaketi, anasukuma kitoroli, anasomewa jumla, anatoa fedha bila kufungua mdomo, na hata chenji haihesabu. Akitoka hapo anasimama gengeni, anamkuta mama aliyeamka saa 10 usiku kwenda kununua nyanya, na hapo ndipo anapokumbuka ujasiri wake. Anambana mama yule kwa shilingi 100. Anachagua fungu, analibomoa, anataka nyongeza, na akipewa anataka nyingine. Kupatana bei ni halali, na si aibu. Lakini kama tunapatana na wanyonge tu, na mbele ya wakubwa tunakuwa wapole, basi na sisi tumo katika sura ile. Tunajaza tunapopokea na tunapunguza tunapotoa.

Nini kifanyike? Kwanza, kila soko liwe na mzani wa umma mahali pa wazi, ambapo mnunuzi yeyote anaweza kurudisha mfuko wake ukapimwa bila kuombwa chochote. Hauhitaji mfadhili. Kamati ya soko inaweza, na hata msikiti ulio jirani unaweza kuununua na kuomba Wakala wa Vipimo waukague. Katika Uislamu kazi hii ina jina, ni hisba, na inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alimkabidhi mwanamke, Shifaa bint Abdullah, sehemu ya usimamizi wa soko la Madina. Wajane na akina mama wa Nansio wanaoyajua masoko kuliko sisi wasisahaulike kazi hiyo ikigawiwa.

Pili, wavuvi na wakulima wapime wenyewe kabla ya kumwita mnunuzi, na wapime kwa pamoja. Wazee wao wa pamba walifanya hivyo wakiwa na elimu ndogo na bila simu.

Tatu, mfanyabiashara wa Kiislamu, mwenye duka la bati au mwenye supamaketi, aweke kama sehemu ya ibada yake kumlipa aliyemletea mali kwa wakati. Kufunga Jumatatu na Alhamisi huku umeshikilia fedha ya mtu wa mchicha kwa miezi mitatu ni jambo linalohitaji kufikiriwa upya.

Supamaketi ikija Nansio, ije. Majokofu yake yatawafaa watu, na bei yake iliyoandikwa itamfaa mtoto aliyetumwa. Lakini isije ikapokelewa kama mwalimu wa uadilifu. Somo hilo tulikwisha kupewa kabla ya kuwapo kwa rafu na kompyuta, na mtihani wake uko katika kila kopo linalonyanyuliwa leo asubuhi gengeni, pale ambapo anayeona ni muuzaji peke yake, na Mola wake.

Wallahu a'lam.